Timu mpya na wakongwe kwenye mashindano ya roboti: utenganishe ama uchanganye? Mwongozo kwa waandaaji wa Uganda

Kila mashindano ya roboti ya mashule yakikaribia swali ni lile lile, hawa watoto wa shule iliyoanza klabu juzi tuwaweke uwanja mmoja na shule ambayo inashindana tangu enzi za NXT, zile seti za zamani za LEGO, ama tuwape ligi yao pembeni? Mapatroni (walimu walezi wa klabu) wa shule mpya wanasema tenganisha, wa shule kongwe wanasema hata sisi tulianza kwa kuchapwa, mwandaaji anabaki katikati na fomu zake hajui aanze wapi. Jibu langu ni hili, na yote yanayofuata ni namna ya kulifanya: uwanja mmoja, mchezo mmoja, siku moja, ila jedwali la matokeo na tuzo viwe viwili. Kuna sehemu chache ambapo hili halifai kabisa, nazo nitazitaja mbele.

Na usidhani hili ni tatizo la timu dhaifu kulia lia. Pengo lipo na ni kubwa. Fundi Bots, shirika la Solomon King Benge, ilianza 2011 na imekuwa ikifundisha roboti na sayansi mashuleni, kwa hiyo kuna watoto wamekulia kwenye hizi waya, wakati huo huo kuna shule ambayo kompyuta lab yenyewe ina kufuli na ufunguo uko kwa bwana mmoja ambaye Jumamosi haonekani. Halafu mtaala mpya wa O-level ulioanza 2020 umeleta miradi darasani, basi klabu mpya zinaota kila mahali, na zote zinataka kuja kushindana, na ziko sawa kabisa kutaka.

Kwanza jua nani ni mpya kweli

Hapa ndipo waandaaji wengi wanakosea, wanahesabu shule badala ya watu. Shule inaweza kuwa na jina kubwa, vikombe vimejaa ofisi ya hedimasta, lakini wale S.4 na S.6 (S ni mwaka wa sekondari, P wa msingi) waliovileta walishaondoka na timu ya sasa ni watoto wa S.1 watupu ambao mwaka jana walikuwa P.7. Na kinyume chake, klabu mpya kabisa huko Mbarara ama Gulu inaweza kuwa na wanafunzi watatu waliohamia kutoka shule kongwe ya Kampala, wanajua kila kitu, wanaingia kama wageni halafu wanafagia tuzo ya wapya. Wote wawili wakifuata karatasi yako wako sahihi, karatasi ndiyo mbovu.

Mimi ningeandika hivi kwenye sheria: timu ni mpya kama zaidi ya nusu ya wanafunzi wake hawajawahi kushindana mashindano yoyote ya roboti, na roboti yenyewe haikutumika mashindano ya nyuma. Timu ya watoto sita basi wanne wawe wageni. Hiyo sehemu ya roboti usiiache, manake utaona timu ya watoto wapya imebeba mashine ya kaka zao, programu zote ziko ndani, wao kazi yao ni kubonyeza kitufe.

Patroni mimi simhesabu. Wengine wanasema mwalimu mzoefu ni faida kubwa, ndiyo ni faida, lakini ukianza kumwadhibu mtoto kwa sababu mwalimu wake anajua kazi utakuwa unawaambia walimu wazuri wasihame shule. Acha hiyo.

Kwenye fomu ya kujiandikisha weka maswali mafupi ya kujibika bila kufikiria sana: nani kati yenu alishawahi kushindana na wapi, mna seti ngapi za roboti na mnagawana na nani, kwa wiki mnaishika masaa mangapi. Hilo la masaa ndilo litakufungua macho. Shule ya boding yenye lab wazi kila jioni na shule ya kutwa ambayo seti moja inazunguka kati ya klabu tatu, zote zinaweza kuwa mwaka wa kwanza, lakini si sawa hata kidogo. Usitumie hayo majibu kutenganisha, yatumie kupanga nani akae karibu na nani na nani apewe msaada mapema. Tutafika huko.

Kuhusu wanaodanganya kwenye fomu, wapo, ila dawa yake ni rahisi. Majaji wakikaa na timu wamwombe mtoto yeyote, si kapteni, afungue programu aeleze hii mistari inafanya nini, halafu abadilishe kitu kimoja, tuseme roboti igeuke kushoto badala ya kulia. Timu mpya halali itahangaika lakini itafanya, timu ya kubandikiwa itamwangalia patroni.

Wenzetu wanafanyaje

Hakuna haja ya kuanza kutoka sifuri, mashindano makubwa yameshapambana na hili na kila moja limepata njia yake.

FIRST Robotics Competition, ile ya Marekani iliyoanza 1992 chini ya Dean Kamen, ina maroboti makubwa kweli ya sekondari. Timu ya mwaka wa kwanza inacheza uwanja ule ule na timu zenye miaka zaidi ya ishirini. Haitenganishwi. Lakini kuna tuzo zake za wapya tu, kama Rookie All-Star na Rookie Inspiration. Kitu kizuri zaidi ni muungano: mechi ni timu tatu upande mmoja na tatu upande wa pili, kwenye mechi za awali zinapangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo leo bingwa ni adui yako na kesho ni mwenzako. Ikifika fainali, timu nane za juu zinachagua wenzao, raundi ya kwanza kuanzia namba moja kwenda nane, raundi ya pili inageuka inaanza namba nane kurudi moja. Maana yake wenye nguvu wanachagua wa mwisho raundi ya pili na wanajikuta wanatafuta timu ndogo inayofanya kitu kimoja tu lakini vizuri, tuseme kumzuia mpinzani asipite. Timu mpya nyingi zinaingia fainali kwa mlango huo.

FIRST LEGO League Challenge, ambayo ndiyo inafanana zaidi na uwezo wa shule zetu, ina mechi za dakika mbili na nusu mezani, unacheza rasmi mara tatu na alama ya juu kuliko zote ndiyo inahesabiwa. Hii ya kuchukua alama ya juu ni rafiki mkubwa wa timu mpya, manake raundi ya kwanza wanatetemeka, ya pili waya umechomoka, ya tatu ndiyo wanacheza. Ukijumlisha zote tatu umewaua. Tena upande wa majaji wana tuzo ya timu iliyopiga hatua, inaitwa Breakthrough.

VEX IQ wamekwenda mbali zaidi, kwenye mechi zao za pamoja timu mbili zinaingia uwanjani hazishindani, zinasaidiana, na alama wanayopata wote wawili wanapewa sawa. Ukipangiwa na timu mpya huna njia ila kuisaidia, la sivyo unazama nayo. Ujanja mtupu huo, na mimi naupenda.

World Robot Olympiad, iliyoanza 2004, haijali sana uzoefu, inagawa kwa umri: kwenye kitengo chake cha RoboMission kuna miaka 8 hadi 12, 11 hadi 15, na 14 hadi 19. Na FIRST Global tangu ianze Washington mwaka 2017 kila nchi inaleta timu moja na wote wanapewa seti ya vifaa vinavyofanana, unacheza kwa muungano na nchi nyingine, mgeni na mwenyeji pamoja.

Ukiangalia hao wote utaona karibu hakuna anayejenga ukuta wa uzoefu katikati ya uwanja. Wanacheza na tuzo, na muungano, na namna ya kuhesabu alama.

Lini utenganishe kweli kweli

Mchezo ukiwa wa mtu na mtu halafu aliyeshindwa anaenda nyumbani, kama sumo ya roboti, tenganisha bila kujiuliza mara mbili. Timu imetoka Arua usiku kwa basi, inaingia duara, inasukumwa nje kwa sekunde nne, imekwisha siku yao. Hakuna somo hapo. Kama huwezi kutenganisha basi badili iwe makundi ili kila mtu apate mechi kadhaa kabla ya mchujo.

Umri pia. P.6 na S.5 usiwaweke pamoja hata kama wote ni wapya, hilo si suala la uzoefu, huyo mmoja ni mtoto na mwingine ana ndevu.

Na kama mmejaa sana, timu hamsini na kuendelea na wapya ni nusu, hapo ligi mbili zinaeleweka hata kwa ratiba tu. Lakini wapya wakiwa wanne ama watano usithubutu kuwapa ligi yao. Kikombe cha ubingwa wa timu nne kila mtu anajua uzito wake, na watoto ndio wa kwanza kujua.

Mchezo wenyewe ndio unabeba kazi

Hili watu hawalisemi sana na kwangu ndilo kubwa. Kinachomvunja mtoto moyo hata si kushindwa na wakongwe, kinachomvunja ni sifuri. Kapata sifuri mara tatu mbele ya watu, anarudi shule anaulizwa mlipata ngapi. Kwa hiyo kabla hujagombana kuhusu ligi, angalia jedwali la alama.

Weka ngazi. Mfano: roboti ikitoka besi (eneo lake la kuanzia) na kuvuka mstari, alama 10. Ikisukuma boksi moja hadi eneo lake, 20. Ikifuata mstari mweusi na kusimama kwenye rangi, 30. Ikibeba vitu vitatu na kuviweka kila kimoja kwenye rangi yake, 40 kwa kila kimoja, hiyo ni 120. Ikirudi besi kabla muda haujaisha, 20. Jumla 200. Timu iliyopata seti yake mwezi uliopita itachukua ile 30 ya mwanzo bila shida, pengine 60, na wakongwe watauana huko juu kwenye 120. Uwanja mmoja, kila mtu ana kazi ya kufanya. Mchezo ambao kazi rahisi kuliko zote ni kushika kitu kwa mkono wa roboti na kukinyanyua, huo umetengeneza mwenyewe matatizo halafu unatafuta ligi ya pili kuyaficha.

Meza usinunue kutoka nje. Ile ya FIRST LEGO League ndani ni milimita 2362 kwa 1143, inaonekana namba ya ajabu lakini ni plaiwudi moja tu ya futi nane kwa nne (2438 kwa 1219) ukitoa ukuta wa mbao wa milimita 38 kila upande. Seremala yeyote anaiweza asubuhi moja, na mkeka wa mchezo unaprintiwa kama banner kule Nasser Road, Kampala. Cha muhimu sasa: faili la mkeka litumwe kwa shule zote siku ile ile, mapema, na hao wasio na pesa ya kuprinti waambie wabandike tepu nyeusi kwenye sakafu kwa vipimo vile vile, inatosha. Ukichelewa kutuma faili anayeumia ni mpya, mkongwe ana meza na mkeka wa mwaka jana anafanyia mazoezi.

Toa siri za wakongwe kabla ya siku

Ukikaa ukachunguza wakongwe wanawazidi wapya kwa nini, si akili, na mara nyingi wala si vifaa. Ni vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna kitabu cha shule kinavisema, walivijua kwa kuumia. Sasa wewe mwandaaji viandike ukurasa mmoja utume kwenye gurupu la WhatsApp la mapatroni wote, mpya na mkongwe, pengo litapungua kuliko ligi yoyote utakayobuni. Hivi hapa vya kuanzia:

Mwanga. Sensa ya rangi uliyoipima darasani kwenu haitaona sawa kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa, na asubuhi si sawa na saa tisa mchana jua likiingia upande. Wakongwe wakifika tu wanapima upya nyeupe na nyeusi ya mkeka wa pale. Wapya wanashangaa jana ilifuata mstari leo inaenda ukutani, wanaanza kubadilisha programu nzima wanaiharibu kabisa. Weka kwenye ratiba dakika kumi za kila timu kupima rangi mezani, lazima, si kwa anayetaka.

Betri. Programu ya "nenda mbele sekunde tatu" inaenda mbali betri ikijaa na inaishia njiani betri ikichoka. Wape watoto hii mapema: pima kwa mizunguko ya gurudumu, usipime kwa muda. Sentensi moja hiyo inaokoa wiki za kazi.

Jairo, ile sensa inayopima roboti imegeuka kiasi gani. Roboti ikiwashwa huku mtoto ameishika mkononi inatikisika, jairo inaanza kuhesabu ovyo na kila kona itakuwa imepinda. Iweke mezani, iache itulie, ndio uiwashe.

Magurudumu yana vumbi, hasa ukumbi ukiwa wa sakafu ya simenti. Kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kila mechi.

Bluetooth. Briki (kompyuta ya roboti) ishirini ndani ya chumba kimoja zote zina jina lile la kiwandani, unatuma programu yako inajaribu kuingia kwenye roboti ya jirani. Kila timu iipe briki yake jina la shule kabla ya kuja, na wabebe kebo.

Mahali pa kuanzia. Wakongwe wanaegemeza roboti kwenye ukuta wa meza ama kwenye kipande walichojenga makusudi, inaanza pale pale kila mara. Wapya wanakadiria kwa macho.

Na nakala ya programu. Iwe kwenye laptopu, kwenye flashi, hata kwenye simu ya patroni, manake kuna mtoto atafuta kitu, huwa yuko kila timu.

Kuna wakongwe watanuna kwamba unatoa ujuzi wao bure. Wanune. Wao walifundishwa na mtu.

Kupanga siku

Tuseme mna timu 24, kumi mpya na kumi na nne kongwe, meza mbili zimekaa bega kwa bega, kila timu inacheza mara tatu. Hizo ni mechi 72, mbili zikienda kwa pamoja ni vipindi 36, na ukitoa dakika sita kwa kipindi (mbili na nusu za mchezo, zinazobaki za kupanga vitu na refa kusaini na watoto) unapata dakika 216, yaani ukianza saa nne asubuhi unamaliza saa saba na dakika 36. Inawezekana kabisa. Lakini meza moja ikiharibika unaingia dakika 432, yaani masaa saba na zaidi kidogo, na hapo timu za mbali zinalala Kampala bila bajeti. Kwa hiyo hata meza ya akiba ya tepu sakafuni iwepo.

Raundi ya kwanza ndipo ningetenganisha kidogo, kwa mpangilio tu. Wakongwe waanze wao kwa wao, vipindi saba, hizo ni dakika 42 ambazo timu mpya zinakaa zinatazama refa anafanya nini, besi inatumikaje, mtoto akigusa roboti nje ya besi inakuwaje. Halafu wapya wacheze wao kwa wao vipindi vitano. Raundi ya pili na ya tatu changanya, kila mpya apangwe meza ya jirani na mkongwe mmoja, unapata jozi kumi mchanganyiko na jozi mbili za wakongwe watupu, hesabu inakaa. Chukua alama ya juu ya kila timu, usijumlishe.

Marefa wako wengi watakuwa wanafunzi wa Makerere ama Kyambogo waliojitolea, wape maelekezo kwamba timu mpya ikikosea utaratibu mdogo kabla mechi haijaanza waelekezwe, wasikatwe alama. Mechi ikishaanza sheria ni moja kwa wote. Ukilegeza sheria ndani ya mechi kwa kuwahurumia, utapata vita na mapatroni hutaimaliza.

Umeme sitasema mengi, si unajua. Jenereta, mafuta yake, na ekstensheni za kutosha, na piti ya wapya (sehemu ya kutengenezea roboti) isiwe ile kona ya mbali bila soketi. Wakongwe wanafika mapema wanashika soketi zote, ni tabia. Gawa meza za piti kwa majina kabla.

Jirani wa meza

Kwenye piti weka timu mpya ikipakana na kongwe, na hapa tumia yale majibu ya fomu: mwenye masaa machache zaidi apakane na mkongwe mwenye moyo, wote mnawajua mapatroni wao. Mkongwe anapewa kazi rasmi ya kuwa jirani. Sheria yake ni moja nayo ni ngumu: unaeleza, hugusi. Mkono wa mtoto mkongwe usiingie kwenye laptopu wala kwenye roboti ya timu mpya, manake akishika dakika tano anaijenga upya yeye, watoto wenye roboti wanabaki watazamaji na kwenye mechi hawajui kilichobadilika.

Majaji wawaulize wapya, si wakongwe, "jirani yenu amewasaidia nini leo?" na hilo jibu liwe na alama kwenye karatasi ya mkongwe. Ukiwauliza wakongwe wenyewe watakupa hotuba waliyoikariri. Wazo hili si geni, marehemu Woodie Flowers, profesa wa MIT, ndiye aliyeisambaza ndani ya FIRST ile falsafa ya kushindana kwa nguvu zote huku unamheshimu na kumsaidia mpinzani, sema kwetu bila alama kwenye karatasi itabaki kwenye bango ukutani.

Kwa majaji pia, kitu kimoja cha lugha. Wakongwe wanakuja na prezentesheni ya Kiingereza wameimba mwezi mzima. Mtoto mpya anaijua roboti yake lakini Kiingereza kinamkwama mbele ya watu wazima watatu wenye kalamu. Mwache aeleze kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa Acholi, tafuta jaji anayeelewa. Unapima uhandisi.

Tuzo

Hedimasta akiwaona wanarudi swali lake ni moja, "Mwalimu, kikombe kiko wapi?" Na patroni wa klabu mpya anahitaji kitu cha kuonyesha mbele ya asemble, la sivyo mwaka ujao hapewi pesa ya usafiri wala ufunguo wa lab. Kwa hiyo tuzo za wapya si huruma, ni za kazi kabisa. Mimi ningeweka mbili tu: alama ya juu kuliko zote uwanjani kati ya wapya, na uhandisi bora kati ya wapya kwa macho ya majaji. Si kila timu mpya ipate kitu. Ukigawa vikombe kumi kwa timu kumi umegawa plastiki.

Jina la tuzo liwe na heshima, "Timu Mpya Bora" inatosha, usilete za "chipukizi wadogo" sijui "watoto wetu", hao wana miaka kumi na sita. Na timu mpya ibaki na haki ya kushinda tuzo zote za juu, ikiwashinda wakongwe ichukue ubingwa wake, ile ya wapya iende kwa anayefuata. Usiitangaze ya kwanza kabisa wakati watu bado wanatafuta viti, iweke katikati.

Nafasi za kwenda taifa ni swali gumu zaidi. Kama mkoa wako unapeleka timu sita, nafasi moja mpe mpya aliyeongoza, hakuna atakayeonewa. Kama mnapeleka mbili, hapana, waende walioshinda. Hapa najua watu hatukubaliani, lakini ukimnyima wa pili nafasi yake ukampa wa kumi na moja kwa sababu ni mpya, umewafundisha watoto wa pande zote mbili kitu kibaya.

Mambo ya kalenda na mwaka wa pili

Muhula wa tatu usijaribu, P.7, S.4 na S.6 wako kwenye mitihani ya UNEB na shule haitoi mtu, tena ndio wakongwe wenyewe. Muhula wa pili ndio mzuri, na shule mpya zinakuwa zimepata muhula mzima wa kwanza wa kujifunza.

Timu ikishacheza msimu mmoja si mpya tena, hata kama ilishika mkia. Watakuja kukuomba, mwalimu tuache mwaka mmoja zaidi. Usikubali, ila kuna namna ya kuwasaidia: baada ya mashindano kila timu itumiwe karatasi zake za alama, zote tatu, na maoni ya majaji, kabla shule hazijafungwa, manake zikifungwa watoto wanasambaa na karatasi inapotelea kwenye droo ya deputi. Timu ya mwaka wa pili ipangiwe pia kuwa jirani wa timu mpya moja. Kumweleza mwenzako kwa nini jairo inapinda kunakulazimisha uelewe mwenyewe, na hao wa mwaka wa pili bado wanakumbuka vizuri ni wapi mtu anakwama, wakongwe wa miaka mitano walishasahau. Kwenye fomu ya mwaka ujao ongeza kibox kimoja: "Tuko tayari kuwa jirani, ndiyo ama hapana", halafu wanaosema hapana wapigie simu.